Tone la Tatu

Jumapili hiyo Kamakis, kwenye vibanda vya nyama choma, ilifurika hadi watu wakala nyama wamesimama. Mbithe, ndani ya gauni la kitenge la kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, aliona kiti kimoja tu, mbele ya kijana aliyekunja mikono ya shati jeupe akipambana na mbavu za mbuzi.

"Samahani, hapa kuna mtu?"

"Sasa kuna wewe. Naitwa Gachau. Karibu, kabla sijazimaliza."

"Kwani huna aibu?"

"Niliiacha Ruiru, kanisani."

Mbithe akacheka, akakaa. Kabla sahani haijaisha alijua kwamba Gachau anauza kemikali za kampuni ndogo ya Ruiru. Gachau naye alijua kwamba Mbithe ni mpimaji wa maabara katika kiwanda cha Thika kinachogeuza mafuta yaliyokaangiwa chipsi kuwa dizeli.

Wakapendana. Miezi saba baadaye Gachau akapiga simu, pumzi juu juu.

"Babe, kiwanda chenu kinataka unga wetu! Ile asidi kavu ya kuharakisha mafuta yageuke dizeli. Nikipata hiyo oda, bosi ananipa Thika yote niisimamie. Na ni wewe utaupima, ama?"

"Nitaupima vile napima zingine zote, Gachau."

"Ndiyo maana nakupenda," akasema, ingawa hakuwa amemwelewa.

Kampuni ya Gachau ilidai unga huo una ukali kupita asidi ya salfa isiyochanganywa na chochote. Mbithe aliuweka kwenye tanuri kwa muda wa saa tatu kuondoa unyevu, akaupoza ndani ya chombo kilichofungwa, maana hewa ya Thika baada ya mvua inatosha kuuharibu. Kisha akaugawa kwenye vichupa na kudondoshea kila kimoja tone la dawa tofauti. Kila dawa ilihitaji asidi kali kuliko iliyotangulia ndipo igeuke manjano. Ya kwanza ikageuka. Ya pili pia. Ya tatu, ambayo hugeuzwa tu na asidi inayoishinda ile ya salfa, ikabaki kama maji.

Akarudia. Akarudia tena. Kisha akaandika: haujafika kiwango.

Jioni simu ikalia.

"Mbithe, umeniangusha."

"Unga ndio ulianguka. Nimepima mara tatu."

"Ama unampendelea yule jamaa wa kampuni ingine, anayekuletea maua ofisini?"

"Ukimaliza kunitusi," Mbithe akasema polepole, "nenda uulize unga wenu ulichomwa aje tanurini, maana moto ndio huupa ukali." Akakata.

Wiki mbili Gachau alitembea na hasira yake, lakini swali lile lilikataa kumtoka. Mwishowe akamwendea Mzee Kinuthia, mwangalizi wa tanuri la kampuni.

"Kijana, tuliambiwa tupunguze moto," mzee akamwambia. "Eti bei ya stima imepanda."

Gachau akaenda moja kwa moja kwa bosi. "Unga uchomwe upya kwa moto wake kamili. La sivyo natoka."

"Na unga ukikataliwa tena?"

"Hata hapo nitatoka."

Akasimama na Kinuthia kando ya tanuri siku mbili, kisha akaupeleka unga Thika mwenyewe. Aliyeupokea ni Ndunge, mpimaji mwenzake Mbithe.

"Wewe ndiye Gachau? Mbithe hapimi huu. Hata ule wa kwanza, kabla hajafungua pakiti, alimwandikia meneja kwamba muuzaji ni mpenzi wake. Akataka nisimame hapo kando nione kila tone, ndio mtu asiseme ulipitishwa kwa mapenzi."

"Ngai! Mungu wangu!" Gachau akanong'ona.

Alimkuta Mbithe nyuma ya kantini, koti jeupe begani, kitambaa cha zambarau kichwani.

"Jibu litatoka mchana," Mbithe alisema bila kumwangalia.

"Sitaki kulingoja. Nikipita, utasema ni furaha ya oda. Nikianguka, utasema nimekuja kuhurumiwa. Nakuuliza sasa, kabla sijajua. Utakubali nikuoe?"

"Na jamaa wa maua?"

"Nilikukosea. Nilijua ni uongo hata nikiusema. Nisamehe, mpenzi."

Mbithe alimtazama sana. Macho ya Gachau yalikuwa mekundu kwa joto la tanuri na kukosa usingizi.

"Ukinishuku hivyo tena, Gachau, nitaenda na sitarudi."

"Nimesikia."

"Basi ndiyo. Lakini mamangu yuko Ngoliba, na hataki maneno matamu. Uje na wazee."

"Jumamosi hii?"

"Jumamosi hii wewe umeota! Mwezi wa kumi na mbili."

"Mwezi wa kumi."

"Wa kumi na moja, na hapo nimekuhurumia."

Mchana Ndunge alitokea mlangoni akipaza sauti kwamba tone la tatu limegeuka manjano. Wawili hao walikuwa bado wakibishania mwezi. Ilibidi arudie.