Uso wa Marehemu Ulitazama Baharini

Maiti ililazwa chini ya nyumba, kati ya nguzo za mbao, kwa ubavu wa kulia, uso ukiwa umeelekea baharini. Kitambaa cheupe kilipita chini ya kidevu na kufungwa fundo utosini.

"Kanyongwa," alisema Naibu Sherifu Dwyer, akiinua utepe wa njano.

Mpelelezi Fiona Cheruiyot alichuchumaa. Huko juu upepo ulikuwa ukibamiza mlango, pa, pa, pa, na hakuna aliyekwenda kuufunga.

"Nani humnyonga mtu akapiga fundo utosini? Hapa taya limefungwa, mdomo usibaki wazi. Mimi nimekulia Likoni, Dwyer. Majirani zetu Waislamu walifanya hivi kwa wafu wao. Tazama, macho yamefumbwa. Vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja."

"Basi amekufaje?"

"Kisogo kimepasuka, na damu iko kwenye ngazi ya chini kabisa. Ameanguka, kisha kuna mtu amemvuta mpaka hapa akamlaza vizuri."

Marehemu alikuwa Mzee Abdulhafidh, dereva wa teksi mstaafu kutoka Gulfton, mjini Houston. Familia yake ilikuwa imekodi kijumba hicho cha pwani kwa siku tatu za Aprili 1999, majira ambayo ndege wadogo huvuka Ghuba ya Meksiko na kufika hoi. Hata sasa walikuwa wakidondoka kwenye majani, wekundu na manjano, vifua vikipwita. Cheruiyot alijikuta akitembea kwa hadhari asimkanyage hata mmoja.

Ndani ya gari la sherifu alikaa Shuaib, mkwe wa marehemu, mikono ikiwa na pingu. Jirani alimsikia akigombana na mzee wakati wa chakula cha jioni. Dwyer hakuhitaji zaidi.

Nuha, binti wa marehemu, alisimama kando ya gari akizungusha pete kidoleni.

"Dada, mume wangu hakuua. Wakimchukua leo, nani atamtoa? Mimi nesi tu, na baba yangu bado hajazikwa."

"Waligombania nini?"

"Mimi. Baba alikuwa anarudi Zanzibar kuishi moja kwa moja, Jumatano. Alitaka nimsindikize, nikae naye miezi mitatu. Shuaib akakataa."

"Nani alimfunga kitambaa?"

"Nilimkuta hivyo, saa tatu, niliporudi kutoka kununua maziwa. Nilidhani Shuaib."

Cheruiyot aliinama dirishani. "Shuaib, nani alimfunga mzee?"

"Si Nuha? Mimi nilikuwa nimelala, wallahi. Nili-drive usiku kucha juzi, nilikuwa mfu. Huo mlango ndio ulioniamsha, halafu mayowe ya mke wangu."

"Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kabla Nuha hajarudi?"

"Ulikuwa unapiga tu."

Mtu alitoka kwa haraka, Cheruiyot aliwaza, asikumbuke kuufunga. Alipanda ngazi. Sebuleni palitandikwa miswala minne. Mitatu ilielekea kwenye friji, upande wa barabara. Mmoja ulielekea dirisha la bahari.

"Huu wa nani?"

Nuha nusura atabasamu. "Wa Ami Ahmada, mdogo wake baba. Msikiti wetu umepima kibla kwa kufuata mviringo wa dunia, ni kaskazini-mashariki. Ami hataki kusikia, kwake ni kusini-mashariki, baharini. Anasema, 'Kwani Makka imehamia Kanada?' Baba naye humjibu, 'Wewe endelea kuiswalia Kuba.' Miaka kumi na tatu wanataniana hivyo."

"Na Ami yuko wapi?"

"Kwenye miti, anatazama ndege. Nilipokwenda dukani alikuwa anajiandaa kutoka."

Ahmada alirudi saa nne, darubini kifuani, mkoba wake ukiwa umebanwa kwapani. Alipoambiwa, aliketi kwenye ngazi. Hakuuliza kaka yake amekufaje.

"Pole, Mzee," alisema Cheruiyot. "Umeona ndege gani?"

"Wengi."

"Wapi?"

"Huko huko mitini."

"Hukupita hapa chini tena?"

"Sikupita."

"Mzee Ahmada, marehemu amelazwa kwa ubavu, ameelekezwa kibla. Binti yake angemwelekeza kule, kwenye barabara. Mkwe wake pia. Mwenyewe marehemu aliswali kule. Kuna mtu mmoja tu katika nyumba hii angemgeuza uso kuelekea bahari."

Ahmada aliubana mkoba wake zaidi. Mlango ulipiga, pa.

"Fungua mkoba, tafadhali."

Ndani, chini ya kitabu cha ndege, mlikuwa na pasipoti ya Abdulhafidh na tiketi ya Jumatano.

"Ami!" Nuha alilia. "Ami, kwa nini?"

"Nilitaka akose ndege tu. Hiyo moja. Labda angebadilisha nia." Alisema akiitazama mikono yake. "Mimi ni mkimbizi, mwanangu. Siwezi kurudi. Miaka kumi na tatu tumelala chumba kimoja, nikikohoa usiku ananiuliza, 'Umefunika kifua?' Halafu anakunja nguo zake anaimba! Asubuhi akagundua, akanifuata ngazini, akanitangulia kunizuia, akashika mkoba. Nikavuta. Akauachia, akaanguka kinyumenyume. Basi."

"Ulimsukuma?"

"Nilivuta. Yeye ndiye aliyeachia. Aliachia kwa sababu alinihurumia, nilimwona usoni."

"Na ukamwacha Shuaib afungwe pingu?"

"Sikujua. Nilikimbia, nikarudi, nikamlaza, nikakimbia tena."

Cheruiyot alimpa Dwyer ishara. Pingu zilimtoka Shuaib. Alimkumbatia mkewe.

"Ungemwelekeza anakoswali yeye," Cheruiyot alisema taratibu, "nisingekujua."

"Nilifikiri hilo." Ahmada alinyoosha mikono mwenyewe. "Lakini ningewezaje kumgeuza kusiko Makka, na mimi ndiye niliyemuua?"

Alipofika garini aligeuka.

"Nuha. Mkimzika, mwelekezeni kibla chenu. Kule alikokutaka mwenyewe."

Ndipo Shuaib alipopanda ngazi, akaufunga mlango.