Zulia la Kuzima Mwangwi

Rafiki yangu fundi saa aliniapia kwamba haya yalimpata yeye mwenyewe, na kwamba hakuongeza chumvi hata chembe. Tangu binti yake aolewe mbali, alibaki peke yake katika nyumba ya sakafu tupu, ambamo hata kikohozi chake kilimrudia kutoka ukutani. Binti akipiga simu alilalamika, "Baba, sauti yako inajirudia mno, sikusikii. Hebu nunua zulia."

Jumamosi akaenda dukani, akachagua zulia nene la katani lenye rangi ya nyasi kavu, akalibeba begani hadi nyumbani. Alisogeza viti, akalikunjua ukuta hadi ukuta, kisha akakohoa kujaribu. Mwangwi ulikuwa umekufa. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba alitamani hata ile sauti yake mwenyewe imrudie.

Giza lilikuwa linaingia na taa hajawasha. Akaketi, akampigia binti yake.

"Sasa je, unanisikia?"

"Vizuri sana, Baba! Nawasikia wote wawili."

"Wawili wepi?"

"Wewe na huyo mgeni wako anayekuuliza kama umekula."

Fundi alitega sikio. Hakusikia kitu ila katani ikikwaruza taratibu upande wa mlangoni, kama inavyokwaruza mtu akiikanyaga pekupeku. Miguu yake mwenyewe alikuwa ameikunja juu ya kiti.

"Mwanangu," alinong'ona, "humu nimo peke yangu."

"Basi mjibu, Baba. Ameuliza tena."