Punje Yako, Punje Yangu

Palikuwa na msichana, jina lake Kokwijuka. Si Koku. Si Juka. Kokwijuka.

Alikuwa na miaka sita. Aliishi na bibi yake, Bibi Leokadia, katika mji mdogo wa Katembera.

Katembera una barabara moja, kanisa moja, na mashine moja ya kukoboa kahawa. Mashine hiyo huamka mapema kuliko jogoo.
Dururururu! Dururururu!

Kila nyumba ina migomba. Katikati ya migomba kuna mibuni. Na kwenye mibuni kuna kahawa, nyekundu kama shanga.

Nyuma ya ua wa miti aliishi Atugonza, mwenye miaka saba. Atugonza alikuwa rafiki wa Kokwijuka.

Kila asubuhi Atugonza aliita kutoka upande wake wa ua: "Kokwijukaaa!"
Na Kokwijuka alitoka mbio, hata kabla ya kunawa uso.

Siku moja Atugonza alikuwa akilinda kahawa ya bibi yake. Kahawa ilikuwa imeanikwa juani, juu ya mkeka mkubwa.

"Kokwijuka, nilindie. Naenda kuchota maji. Kuku wakija, wafukuze."
"Nitawafukuza."
"Usiondoke!"
"Siondoki!"

Kokwijuka akakaa. Akalinda. Akalinda tena kidogo.

Prrrr! Senene wa kijani, panzi mtamu wa kukaanga, akapita mbele ya pua yake.

Kila mtoto wa Katembera anajua jambo hili: senene akipita, humfuati kwa macho tu. Unamfuata kwa miguu.

Kokwijuka akaruka. Senene akaruka. Kokwijuka akaruka tena. Senene akaenda zake.

Kokwijuka aliporudi, kuku watano walikuwa juu ya mkeka.
Paru, paru, paru! Kahawa huku. Kahawa kule. Kahawa ndani ya majani.

Na Atugonza alikuwa amesimama hapo, na ndoo kichwani.

"Kokwijuka! Ulisema huondoki!"
"Nimerudi."
"Umerudi na nini?"
Kokwijuka akafungua mkono wake. Haukuwa na kitu.

Atugonza aliokota kahawa moja moja, mpaka jua likashuka. Kokwijuka alitaka kumsaidia.
"Acha," alisema Atugonza. "Nenda kwenu."

Kesho yake Kokwijuka akaamka. Akasikiliza.
Dururururu! Ni mashine tu. Atugonza hakuita.

Siku ya pili akasikiliza. Dururururu! Atugonza hakuita.

Siku ya tatu akanawa uso kabisa. Akanawa na masikio. Atugonza hakuita.

Bibi Leokadia alikuwa jikoni. Kokwijuka akakaa karibu naye.
"Bibi, Atugonza haniiti."
"Umemwomba radhi?"
"Nimemwomba. Akasema 'mmh'."
"Mmh fupi au mmh ndefu?"
"Ndefu."
"Ee waitu!" alisema Bibi. "Ndefu ni mbaya."

Bibi akashusha kikapu kidogo chenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na kahawa ya kutafuna. Ilikuwa imechemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha ikakaushwa juani pamoja na maganda yake.

"Zamani," alisema Bibi, "watu wa hapa hawakuinywa kahawa. Waliitafuna, kama sisi tunavyowapa wageni mpaka leo."
"Nayajua hayo, Bibi."
"Hili hulijui. Watu wawili walipotaka kuwa ndugu, waligawana tunda moja la kahawa. Ndani ya tunda mna punje mbili. Zimelala uso kwa uso, kama watoto kitandani. Walisema hivi:
Punje moja yako,
punje moja yangu,
tangu leo sisi ndugu."

"Na ndugu wakigombana, Bibi?"
"Wanagombana sana! Lakini hawaachi kuitana."

Kokwijuka akakitazama kikapu.
"Chagua moja," alisema Bibi. "Moja tu! Nyingine ni za wageni."

Kokwijuka akachagua polepole. Si hii, ina kovu. Si hii, imepinda. Akachukua moja iliyokuwa ya mviringo kuliko zote. Ilikuwa nzuri sana.

Jioni, upande wa pili wa ua, Atugonza alikuwa akifagia uwanja. Fya, fya, fya!

Kokwijuka akapiga magoti. Akanyoosha mikono yote miwili, kama watu wakubwa wanavyofanya.
"Nini hicho?" aliuliza Atugonza.
"Kahawa. Tugawane.
Punje moja yako,
punje moja yangu,
tangu leo sisi ndugu."

"Mmh," alisema Atugonza.
Lakini hiyo ilikuwa fupi.

Atugonza akaweka ufagio chini. "Haya, pasua."
"Siwezi."
"Kwa nini?"
Kokwijuka akafungua mdomo. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka yote mawili. Palikuwa na mlango.
Atugonza alitaka kucheka. Akajizuia. Akaichukua kahawa, akaipasua kwa meno yake.

Kach!

Atugonza akatazama ndani. Akatazama tena.
"Iko moja."
"Hapana, ziko mbili. Siku zote ziko mbili!"
"Haya, hesabu wewe."
"Moja," alisema Kokwijuka. Akageuza ganda. Akatikisa ganda. "Moja."

"Ulisema huondoki, ukaondoka!" alisema Atugonza. "Leo unasema punje mbili, kumbe moja! Nyingine umeila wewe!"
"Sijaila! Ningeilaje na ganda limefungwa?"

Kokwijuka akaanza kulia. Ganda likamponyoka. Punje ikaanguka chini.

Sasa, punje ya kahawa ya kawaida ina mgongo na ina tumbo. Tumbo lake ni bapa. Ikianguka, inakaa.
Punje hii haikuwa na tumbo. Ilikuwa duara pande zote. Haikukaa.

Biriri, biriri, biriri!

"Inakimbia!" alisema Atugonza.
"Ishike!"

Biriri, biriri! Ikapita ufagio. Ikapita jiwe. Ikashuka kuelekea kwenye migomba.

"Zunguka huko!"
"Zunguka wewe!"
"Iko chini ya kiatu chako!"
"Sina kiatu!"

Biriri, biriri, kwaru! Ikaingia chini ya majani makavu ya mgomba. Kimya.

Wakapiga magoti wote wawili. Wakainua jani. Haipo. Wakainua jani jingine. Haipo. Wakainua majani kumi. Yupo mjusi tu, naye akakasirika.

Atugonza akachoka. "Basi. Imepotea."
"Haijapotea," alisema Kokwijuka.
"Jua linazama. Nenda kwenu."
Kokwijuka akafuta machozi, na mkono wake ulikuwa na udongo. Uso wote ukawa na mistari.
"Siondoki," alisema.

Akainua jani. Akainua jani. Akainua jani.
Atugonza akasimama, akamtazama. Kisha akapiga magoti tena, akaanza upande wa pili.

Jani, jani, jani.

"Hii hapa!"
"Hii hapa!"
Waliiona pamoja. Waliinama pamoja. Vichwa vikagongana: ko!

"Aa!" alisema Kokwijuka.
"Aa!" alisema Atugonza.
Na safari hii Atugonza hakujizuia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Wakaiosha punje vizuri kwa maji. Wakaitazama.
"Nani aitafune?" aliuliza Kokwijuka.
Atugonza akafikiri. Akaiweka kwenye meno ya nyuma. Akakaza macho.
Kach! Vipande viwili.

"Nusu yako," alisema Atugonza.
"Nusu yangu," alisema Kokwijuka.
"Tangu leo sisi ndugu!"

Wakatafuna.
"Chungu!"
"Chungu sana!"
Lakini hakuna aliyetema.

"Bibi! Bibi!" aliita Kokwijuka alipofika nyumbani. "Mbona ilikuwa moja?"
"Hutokea mara chache," alisema Bibi Leokadia. "Punje moja hukua peke yake, ikajaza nyumba nzima. Mmefanyaje?"
"Tumeikata."
"Ee waitu!" alisema Bibi. "Watu wa zamani hawakuifikiria hiyo."

Wakala ndizi na maharage. Mashine ya kahawa ikanyamaza. Kokwijuka akapanda kitandani.
Lakini macho yake yalikuwa wazi. Wazi kabisa! Ilikuwa ile kahawa.

Mara akasikia sauti kutoka upande wa pili wa ua.
"Kokwijukaaa!"
"Naam!"
"Macho yangu hayafungi!"
"Hata yangu!"
"Tuhesabu migomba! Anza wewe!"

"Moja!" aliita Kokwijuka.
"Mbili!" aliita Atugonza.
"Tatu!"
"Nne!"
"Tano," alisema Kokwijuka polepole.
"Sita!" aliita Atugonza.
"Saba..."
"Nane!"

Kimya.

"Nane! Kokwijuka? Nimesema nane!"

Kokwijuka alikuwa amelala.