Piko ya Abubakari

Ndugu wasomaji, kaeni vizuri. Natangaza rasmi penzi kubwa kuliko yote yaliyopata kutokea kisiwani Mafia. Lilidumu wiki tatu na siku mbili.

Lilianza sokoni Kilindoni, watu wamebanana kwenye samaki. Aziza, binti wa miaka ishirini na minne, dera la manjano, alimkanyaga mtu mguu.

"Samahani, kaka."

"Kanyaga na huu wa pili, usije ukaona wivu."

Huyo ni Abubakari, dereva wa kutembeza wageni, shati limenyooshwa mpaka linakata. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mchumba wake wa kwanza alimwacha akisema haolewi na mzee; tangu hapo akazipaka ndevu piko, zikawa nyeusi kuliko masizi. Aziza aliyajua hayo na hakujali. "Kaka" ilidumu siku tatu. Baada ya hapo, "Abu wangu".

Jumapili moja ya kiangazi, Abubakari alimwalika safari ya porini, upande wa Kirongwe, kutazama viboko.

"Huko nitakuuliza neno," alimnong'oneza.

Mwanamwali haendi porini peke yake na mwanamume. Basi Aziza alisindikizwa na mdogo wake, Furaha, mwanafunzi wa bweni aliye likizo. Binti mpole, mwenye adabu, pambo la shule yake.

Nyasi kavu zilikwaruza milango ya gari. Bwawa lilibaki tope, viboko wamelala ndani kama magunia yaliyolowa. Abubakari alishuka kwenda kuangalia usalama. Aziza naye akaenda nyuma ya kichaka kwa haja zake, simu akaiacha kitini.

Ikalia. Furaha akaipokea kwa sauti ya dada yake, ambayo huiiga vizuri mno.

"Aziza, mpenzi, ana kwa ana naona haya. Ijumaa nilete posa?"

"Shikamoo, baba."

Akacheka. "Usinitanie, habibti."

"Sitanii. Lete, ila uje asubuhi, wazee hulala mapema. Na piko inakuchuruzika. Naiona hapa nilipo."

Kule bwawani, Abubakari akapitisha kiganja kidevuni. Kikarudi cheusi.

Njia nzima alikaza macho barabarani. Aziza akamtania, akampa maji, mwisho akauliza, "Abu wangu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu."

Aziza alingoja siku sita. Siku ya saba wakasikia Abubakari amevuka bara, gari kamwachia nduguye. Simu haipatikani. Aziza akapekua yake, aone walizungumza lini mara ya mwisho. Jumapili, saa saba mchana, dakika moja. Akakumbuka saa saba alikuwa wapi.

Akaingia jikoni.

"Furaha, ulimwambia nini?"

Wasomaji, msimulizi wenu anayajua yote haya kwa sababu moja ya aibu: Furaha ni mimi. Nilimwambia kila neno, hata ile sauti nikairudia. Nilidhani atanipiga. Akauliza tu, "Kwa nini?"

Nikatafuta sababu: wivu, kisasi, hata shetani. Sikuipata. Viboko walikuwa wamelala tu, nami nilichoka kukaa garini.