Mkono Uliotengeneza Kileo cha Kahawa

Yadira hakwenda kwenye maonyesho ya kahawa ya mji wa Coatepec, Mexico, kutafuta mwanamume. Alifuata kivuli cha turubai tu, maana jua la Mei lilikuwa kali na gauni lake la kijani lilishaanza kumganda mgongoni. Ndipo kijana mmoja, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alipomwekea mbele kikombe kidogo.

"Onja, mrembo. Kileo cha kahawa. Usiponunua, angalau utatabasamu."

"Na nisipotabasamu?"

"Nafunga biashara."

Akacheka, akanywa. Kikombe kikamponyoka.

Kahawa, sukari guru, vanila, na mwishoni kabisa uchungu wa ganda la chungwa lililobabuliwa motoni. Mama yake alikitengeneza kila Desemba jikoni kwao Xalapa, akimruhusu alambe kijiko. Yadira alikuwa na miaka tisa baba yake aliporudi peke yake kutoka Puebla, akamwambia mama amefia huko na amezikwa huko.

"Nani katengeneza hiki?"

Kijana, aliyeitwa Efraín, aliona macho yale makubwa yamemganda, kichwa kikamvimba. "Mimi mwenyewe. Kwa mikono hii."

Walipendana haraka. Kila mchana simu ililia kwenye duka la dawa alikofanya kazi Yadira.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Maharage yameungua."

"Mtu anayejua kileo kile anashindwa na maharage?"

Jumapili moja ya Julai Yadira alimtaka akitengeneze kileo kile mbele yake. Efraín aliunguza sukari, kisha akatumbukiza chungwa zima sufuriani. Yadira akazima jiko.

"Hujui kutengeneza."

"Nilitaka unipende," alisema Efraín, jasho likimtoka. "Nanunua kwa mama mmoja wa Xico. Hataki atajwe."

"Anaitwa nani?"

"Mpenzi, nimeahidi..."

"Jina, Efraín!"

"Amparo. Amparo Tlaxcalteco."

Yadira akakaa sakafuni. "Huyo amekufa," alisema taratibu. "Nimemwashia mishumaa miaka kumi na sita."

Kisha damu ikampanda. "Miezi miwili unanibusu, na mama yangu umemficha!" Akachukua mkoba, akaondoka bila kufunga mlango.

Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi akapokea.

"Nilidanganya kuhusu sufuria, Yadira. Kuhusu mama yako sikujua. Naapa."

"Umemwambia?"

"Hapana. Hilo ni lako. Ila sema neno moja tu, nakuja kukuchukua."

"Njoo."

Mlango wa nyumba ya Xico ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye aproni, vidole vimekolea rangi ya kahawa. Alimtazama Yadira, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Baba yako alinifukuza kwa ngumi," alisema. "Niliporudi kukuchukua, nyumba ilikuwa na watu wengine. Kwenye simu akaniambia mko kaskazini, na kwamba hutaki hata kusikia jina langu."

"Mimi aliniambia umezikwa."

Bibi Amparo akaziba mdomo. Baba huyo alikuwa amefariki mwaka juzi. Hata wa kumuuliza hakuwapo. Yadira alibaki amesimama, hajui kulia kunaanzia wapi, mpaka mama yake alipomgusa shavu.

Efraín hakuthubutu kuvuka barabara. Alisimama upande wa pili, mvua ikamnyeshea saa nzima, shati likamng'ang'ania kifuani. Hatimaye Yadira akatoka, macho yamevimba.

"Unasubiri nini hapo kama nguzo? Mama anasema yule mteja wake mwongo aje kula."

"Yaani umenisamehe?"

"Nimesema kuna chakula."

"Na nikikuomba nikuoe?"

Yadira akaduwaa, mdomo wazi, maji ya mvua yakimtiririka puani. Kwa wiki mbili zile alikuwa ameshtuka mpaka akadhani mshtuko umemwishia.

"Kamwombe yeye," alisema, akamshika mkono, akamvuta ndani. "Nimempata leo. Siwezi kumnyima nafasi ya kukukatalia."