Barakoa ya Njano

Geti la hospitali lilikuwa limefurika watu asubuhi hiyo, ila hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja alisimama ndani ya duara lake la chokaa, hatua mbili kutoka kwa mwenzake, akichungulia juu ya barakoa. Mshonaji mmoja, binti wa umri wa kuolewa, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi na miwani imejaa ukungu wa pumzi zake, alikuwa amesimama nje ya duara. Dakika kumi zilizopita baba yake aliingizwa ndani kwa kiti cha magurudumu, na mlinzi akamwambia ndugu hawaruhusiwi kupita. Baada ya hapo hakuwa na habari na chokaa.

"Samahani, dada. Umesimama kwenye njia ya hewa."

Aligeuka. Kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu alikuwa anasukuma toroli lenye mitungi minne ya oksijeni.

"Njia ya hewa ndiyo ipi?"

"Hiyo uliyoiziba. Kuna watu wanne huko wodini wananisubiri kwa hamu kuliko mchumba."

"Mmoja wao ni baba yangu," alisema binti, akasogea. "Mfupi, ana tepu ya kupimia shingoni. Amekataa kuivua."

Kijana aliacha mzaha. "Nipe namba yako. Mimi si daktari, ni fundi wa mitungi tu. Lakini nitamwona."

Saa kumi na moja jioni simu ya binti ililia. Alikuwa yule kijana, na mzee alishamwambia kwamba bintiye naye ni fundi wa kushona.

"Fundi, mzee wako yupo. Nimemkuta anamwambia nesi kwamba koti lake limeshonwa vibaya mabegani."

Binti alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Kijana hakukata simu. Alisubiri amalize.

Kwa siku kumi na moja simu ile ililia saa ileile. Leo amekunywa uji. Leo mtungi wake umedumu kuliko wa jana, maana yake anavuta kidogo. Wagonjwa walimwita kijana yule Pumzi, na jina likamganda. Siku ya kumi na mbili mzee alitoka kwa miguu yake, tepu shingoni, akapunga mkono kama mtu anayetoka kazini. Wapo walioingia siku moja naye ambao hawakutoka, na hilo binti hakulisahau hata mara moja.

Mzee alirudi, lakini simu haikukoma. Kukutana ndiko kulikokuwa shida. Kifua cha mzee kilikuwa bado dhaifu, naye Pumzi, aliyelala palepale hospitalini, aliogopa kumpelekea ugonjwa nyumbani. Basi wakapendana kwa simu, na kila baada ya wiki mbili getini: binti anaweka barakoa alizoshona juu ya ukuta, anarudi nyuma, kijana anazichukua.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula nikikuona."

"Utakufa njaa basi, maana unachoona ni kilemba na miwani."

"Si unitumie picha?"

Mara tatu Pumzi aliomba picha. Mara tatu alitumiwa picha ya cherehani.

Mapenzi ya simu yana raha yake, tusiyadharau, ila yana maficho pia. Binti huyu alipokuwa na miaka minne aliiangukia pasi ya mkaa ya baba yake. Ilimwachia kovu la pembe tatu shavuni, ncha yake ikielekea mdomoni. Aliwahi kupenda kabla ya Pumzi, na mwanamume yule akamwambia, "Wewe ungekuwa mzuri sana, isipokuwa..." Sentensi hakuimaliza, wala hakuhitaji. Barakoa ilimpa binti mwaka mzima wa kuishi bila isipokuwa.

Mwaka ulizunguka. Wodi iliyokuwa inameza mitungi arobaini kwa siku ikawa inatumia miwili. Pumzi alipata mapumziko, wakapanga kukutana kwenye bustani ya maktaba, saa nne asubuhi.

"Nitavaa barakoa ya njano," binti alimwambia. "Utanijua kwa hiyo."

Alishona gauni la kijani, akalinyoosha kwa pasi. Alisuka nywele, akaacha kilemba nyumbani, akatia miwani mkobani. Alipofika kwenye kona ya bustani alisimama. Watoto walikuwa wanakimbizana majanini, mzee mmoja anasoma gazeti kwa sauti, kila mtu anavuta hewa bila kuikumbuka. Baba yangu yuko hai, alijisemea. Nimepewa yote haya, halafu nimfiche shavu? Akaivua barakoa ya njano.

Pumzi alikuwa ameketi kwenye benchi, barakoa ya kijivu aliyomshonea ipo usoni. Binti alimwendea moja kwa moja. Kijana aliinua macho, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akateremsha macho hadi kwenye viatu vyake, na hakuyainua tena.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Binti alipita, akatokea mlango wa pili, akazima simu.

Zilipita siku tisa.

"Yule kijana wa mitungi mmegombania nini?" mzee aliuliza.

"Hakuna kitu, baba."

"Hakuna kitu, na umeshona mkono wa shati kwenye kola?"

Siku ya kumi Pumzi, na ovaroli yake, alitokea kwenye kibaraza cha duka la mzee la ushonaji. Binti alimwona dirishani, akavuta barakoa haraka, akashusha kilemba. Kijana alisimama mlangoni, hatua mbili, kwa mazoea.

"Fundi, nilikaa pale mpaka jua likaniwakia utosini. Barakoa ya njano sikuiona. Nimekukosea nini?"

"Jiulize mwenyewe."

"Nimejiuliza. Nimepata jambo moja, na ni afadhali ulisikie kwangu. Alipita dada mmoja, amevaa gauni la kijani. Nilimtazama, nikasahau kwamba nakusubiri wewe. Nikaona aibu, nikainamia viatu mpaka akapita. Nadhani ulikuwa karibu, ukaniona."

Cherehani ilinyamaza.

"Alikuwaje?"

"Tuachane naye, tafadhali."

"Umemleta mwenyewe. Alikuwaje?"

Pumzi alitazama sakafu. "Ana kovu hapa, la pembe tatu. Sijui nikwambieje. Mwaka mzima nimeona nyuso zimefunikwa, na zilizofunuliwa zilikuwa za watu wanaotafuta hewa. Yule alikuja na uso wake mzima, juani, anapumua mwenyewe wala hajui kwamba ni ajabu. Nilitaka kumshukuru mtu, nikakosa wa kumshukuru. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nisamehe."

Binti alivua miwani. Akavua kilemba. Mwisho akavua barakoa.

Pumzi alishika fremu ya mlango. Taratibu naye akavua yake, na kumbe mwenzetu alikuwa na pengo la jino la mbele alilolificha mwaka mzima.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Kumbe aibu yote ile nilijionea bure."

Walicheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili, wakabaki wanatazamana. Kila mmoja alikuwa akiujua uso wa mwenzake kwa nusu, na sasa wakaanza kujifunza nusu ya pili.

Pazia la nyuma ya duka lilisogea. Mzee alitoka, mkasi mkononi, tepu shingoni.

"Wewe kijana, ingia ndani. Hapo mlangoni umenizibia njia ya hewa."

Pumzi alizivuka zile hatua mbili kwa mara ya kwanza.

"Simama wima nikupime suti," mzee alisema, tayari anamzungushia tepu kifuani. "Mtu haji kuposa kwangu na ovaroli. Haya, vuta pumzi."

Alivuta. Binti, kalamu mkononi, akaandika kipimo.