Neno la Siri la Kliniki

Kila siku baada ya masomo, Gakenia alikwenda moja kwa moja hadi kliniki ya meno iliyokuwa mtaani Migosi. Mamake, Lorna, alikuwa msaidizi wa Daktari Ooko hapo. Gakenia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alisalimia, akaketi kwenye benchi la nyuma, akafungua madaftari yake na kumngoja mama hadi saa kumi na moja jioni.

Kliniki ilikuwa na kifaa cha picha, kidogo na bapa, ambacho daktari alikiweka mdomoni mwa mgonjwa. Kikishapiga picha ya eksirei, picha ilisafiri bila waya na kutokea kwenye kompyuta. Kifaa na kompyuta viliwasiliana kwa waifai ya kliniki, na waifai hiyo ilifunguliwa kwa neno la siri. Mama alimpa Gakenia neno hilo ili asome hapo kwa simu ya zamani ambayo mama alimletea kutoka nyumbani.

"Usimpe mtu," alimwonya. "Likitoka, nitaulizwa mimi."

Lilitoka mwezi uleule. Rafiki yake Sheryl alimsumbua juma zima. "Kama kweli wewe ni rafiki yangu, utanipa. Nataka kutazama video tu." Mwishowe Gakenia aliliandika nyuma ya daftari la Sheryl. Hazikupita wiki mbili, vijana wasiojulikana wakaanza kuketi kwenye ngazi za kliniki, kila mmoja ameinamia simu yake. Gakenia aliwaona akaelewa. Alipita katikati yao, akaingia ndani, akanyamaza.

Jumanne moja alasiri, mlango ulifunguliwa na Apiyo akaingia ameshikwa mkono na nyanyake. Apiyo alikuwa mwanafunzi wa darasa moja na Gakenia. Aliishi Obunga, ambako nyanyake alikaanga na kuuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kutolewa. Shavu lake la kushoto lilikuwa limefura hadi ngozi ikang'aa. Hakuweza kufunga mdomo wala kuufungua sawasawa.

"Amekaa hivi siku tatu, Daktari," nyanya alisema. "Hali chakula, wala halali. Nisaidie."

Daktari Ooko aliingiza kile kifaa polepole huku Apiyo akitokwa na machozi. Picha ikatokea. Daktari alichukua sindano ya ganzi, akaitazama picha mara nyingine, kisha akairudisha sindano mezani.

"Mama, huyu mtoto amewahi kuzibwa jino?"

"Hata siku moja. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuja kwa daktari wa meno."

Jino lililokuwa kwenye kompyuta lilikuwa limezibwa. Jina lilikuwa la Apiyo, lakini mdomo ulikuwa wa mtu mwingine. Daktari alifungua picha za wagonjwa wengine. Mzee mmoja aliyebakiwa na meno mawili alionyeshwa ana meno ya mtoto. Mtu alikuwa ameingia kupitia waifai na kuyavuruga majina yote. Daktari alijaribu kupiga picha upya, lakini safari hii haikufika kabisa.

"Meno mabovu ni mawili, na usaha umezama ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Sijui umeanzia lipi. Siwezi kung'oa kwa kubahatisha. Mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi."

Walipoondoka, alimgeukia Lorna. "Mama Gakenia, neno la siri tunalijua mimi na wewe tu."

Lorna alimtazama bintiye kwenye benchi la nyuma. Lilikuwa swali, ingawa hakulitamka. Gakenia alitikisa kichwa kukana.

"Halijatoka kwangu, Daktari," Lorna alisema.

"Basi kaa nyumbani kwanza hadi ukweli ujulikane."

Asubuhi iliyofuata, mama hakuvaa sare yake ya kazi. Alikaa kitandani ameishika mikononi, na Gakenia akaondoka bila kumuaga. Shuleni, mwalimu aliwaambia kwamba Apiyo amelazwa. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi jicho likafumba, na joto la mwili halishuki. "Tumwombee," mwalimu alisema. Darasa zima likainamisha vichwa.

Wakati wa mapumziko Gakenia alimtafuta Sheryl. "Nilimpa kaka yangu tu," Sheryl alisema. "Sijui yeye alimpa nani. Nyamaza, Gakenia. Hakuna atakayejua."

Lakini Gakenia mwenyewe alijua. Kengele ya mwisho ilipolia alikimbia hadi kliniki. Alimkuta Wafula, fundi wa kompyuta kutoka Maseno, akimwambia daktari kwamba ameona simu ngeni kumi na moja kwenye waifai.

"Ni mimi," Gakenia alisema akiwa mlangoni. "Mama hana kosa. Nilimpa rafiki yangu neno lile, na jana nikakana." Akasogea hadi mezani. "Daktari, Apiyo atakufa?"

Daktari Ooko alivua miwani. "Sijui," alisema. Gakenia aliketi chini palepale sakafuni akalia.

Daktari aliiweka miwani mezani. Kisha akakiri kwamba naye alikuwa na sehemu yake ya lawama. Neno lile lilikuja na mashine ya waifai kutoka kiwandani, na hakuwahi kulibadilisha. Isitoshe, mashine za wagonjwa na simu za kila mtu zilitumia njia moja. Wafula alifanya kazi siku mbili. Alizipa mashine mtandao wa pekee na neno jipya refu, akazifanya zitume picha kwa mafumbo ambayo mtu wa nje hawezi kuyasoma, akarudisha picha sahihi kutoka kwenye nakala zilizohifadhiwa kando. Lorna akaitwa kazini, na daktari akamwomba radhi.

Siku ya nne, joto la Apiyo lilishuka. Gakenia alikwenda wodini na mama, akasimama kando ya kitanda alipoketi nyanya, akaeleza yote. Apiyo aliugeukia ukuta. Bila kugeuka aliuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mama atafukuzwa."

"Mimi niliogopa kufa," Apiyo alisema.

Nje ya wodi, Lorna alimketisha Gakenia kwenye benchi.

"Lile neno halikuwa la kumnyima mtu video," alisema. "Lilikuwa la kumlinda mgonjwa aliyelala kitini, mdomo wazi, ambaye hawezi kujitetea. Ulipolitoa, ulikosea. Lakini kosa lililomuumiza Apiyo zaidi ni kunyamaza. Ungesema siku ile ulipowaona wale vijana, angetibiwa akarudi nyumbani jioni hiyohiyo. Ukikosea, mwanangu, sema kabla mwingine hajalipia."

Gakenia alipangusa uso. Kisha akainuka, akarudi wodini, akamuuliza nyanya wa Apiyo kama angeweza kumsaidia kubeba maji ya kumwogesha Apiyo.